Nchi Kavu Nayo Ina Kuvu Zake

Kupima ukinzani wa mazao dhidi ya magonjwa ya kuvu ni kuziweka aina nyingi za zao moja mbele ya kimelea kilekile, kwa kiasi kilekile na kwa wakati mmoja, kisha kutazama ipi inakufa, ipi inaugua na bado ikazaa, na ipi haiguswi. Kuieleza kazi hiyo ni rahisi. Ugumu wake uko katika sharti moja: ugonjwa lazima uwepo shambani, na uwepo kwa usawa. Mmea uliosimama mzima mahali pasipo na kimelea haujathibitisha kitu. Umenusurika tu, na mwakani unaweza kuwa wa kwanza kuanguka. Ndiyo maana swali la upimaji ufanyike wapi lina uzito uleule wa swali la kipimwe nini.

Kwa swali hilo la wapi, jibu lililozoeleka Tanzania ni kwamba kuvu ni mambo ya nchi za mvua. Chulebuni na kutu ya majani ya kahawa waachiwe Kilimanjaro na Mbinga. Kutu ya ngano na madoa ya majani ya mahindi waachiwe Mbeya na Arusha. Nchi ya katikati, yaani Dodoma na Singida, adui yake ni jua. Kwa hiyo mahali kama Shelui panahitaji mbegu inayokomaa mapema na kuvumilia ukame, basi. Habari za kuvu zitashughulikiwa kwingine na matokeo yake yataletwa pamoja na mfuko wa mbegu. Fikra hiyo husikika kwa wapangaji wa bajeti, kwa wauza pembejeo na kwa baadhi ya maafisa ugani, na mkulima mwenyewe ameipokea bila kuuliza. Ni fikra potofu, na hasara yake huonekana ghalani.

Haikuzuka hewani, hata hivyo. Chembe za uzazi za kutu ya kahawa zinahitaji maji juu ya jani kwa saa kadhaa ndipo ziote. Jani likikauka mapema, zinakufa kabla ya kuingia. Kutu ya ngano nayo hutaka umande. Magonjwa hayo ya majani ndiyo yaliyoijenga elimu ya magonjwa ya mimea Afrika Mashariki, kwa sababu yalishambulia mazao ya fedha. Kutu ya kahawa ilionekana kandokando ya Ziwa Viktoria mwaka 1861, kabla haijaimaliza kahawa ya Ceylon kuanzia 1869. Chulebuni ilitambuliwa Kenya mwaka 1922, ikaingia Tanzania katika miaka ya 1960. Fedha zilifuata kahawa, watafiti wakafuata fedha, na kazi kubwa ya upimaji ikakaa kwenye vituo vya kahawa vya Ruiru, Kenya, na Lyamungu, Kilimanjaro. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Kosa linaanza pale sura ya kuvu za majani inapochukuliwa kuwa sura ya kuvu zote, ilhali zipo zinazoishi udongoni na kupanda kwa njia ya mizizi, zipo zinazosafiri ndani ya mbegu, na zipo zinazongoja hadi mmea uchoke kwa kiu ndipo ziamke. Hata miongoni mwa kuvu za juu ya mmea, kanuni ya mvua haishiki kila mahali: ubwiri unga wa korosho, ulioitikisa Mtwara kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, hushambulia maua na machipukizi wakati wa kiangazi. Leo mikorosho inapandwa Manyoni, mkoani Singida kwenyewe.

Shelui iko wilayani Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, mahali barabara kuu itokayo Singida inaposhuka kuelekea Igunga, Nzega na Mwanza. Mgongoni ni mlima. Mbele ni mbuga za Wembere. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati yake si ajabu zikapita wiki za jua tupu. Miinukoni udongo ni wa kichanga, mabondeni ni mweusi wa mfinyanzi. Katika ukanda huu hulimwa mtama, uwele, mahindi, alizeti, pamba, karanga, viazi vitamu, na mpunga pale maji yanapotuama. Juu ya mlima, kuelekea Kiomboi, ulezi. Mbegu ya nafaka na karanga kwa sehemu kubwa ni ile iliyowekwa na mkulima mwenyewe kutoka mavuno yaliyopita. Anayejua tabia za kuvu akiisoma orodha hiyo haoni nchi isiyo na magonjwa. Anaona joto la udongo, kiu ya wakati wa kujaza punje, mchanga unaopendwa na minyoo fundo, na mbegu inayozunguka kijijini mwaka hadi mwaka. Kila kimoja kina kuvu yake.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yenyewe ni uozo mkaa, unaoletwa na kuvu iitwayo Macrophomina phaseolina. Inashambulia zaidi ya spishi 500 za mimea, miongoni mwake mtama, alizeti, karanga, ufuta, kunde na pamba. Yaani karibu shamba zima la Shelui. Udongoni inakaa kama vipunje vyeusi ambavyo jicho huviona kwa shida. Mmea ukiwa na maji ya kutosha, kuvu hiyo huingia mizizini na kutulia bila madhara makubwa. Mambo hubadilika pale mtama unapochanua na kuanza kujaza punje huku udongo umekauka na joto lake limefika nyuzi 30 hadi 35. Wakati huo mmea unapeleka sukari yake yote kwenye suke, na sehemu ya chini ya bua inabaki bila nguvu ya kujikinga. Kuvu inapanda. Ndani ya bua nyama huoza, zinabaki nyuzi zilizojaa vidoa vyeusi. Mmea unakauka kabla ya wakati, na upepo mdogo tu unauangusha. Mkulima anaona mmea uliokauka katika mwaka mkavu, anasema ni jua. Afisa anaandika ni jua. Taarifa ikifika wilayani imekwisha kuwa taarifa ya ukame, na hakuna aliyelipasua bua.

Kuupima ukinzani dhidi ya uozo huo hakuhitaji mtambo. Vijiti vya kuchokolea meno huchemshwa, huoteshwa kuvu katika maabara, kisha kila kijiti huchomekwa kwenye tundu lililotobolewa karibu na shina la bua muda mfupi baada ya mtama kuchanua. Wiki kadhaa baadaye bua hupasuliwa, na urefu wa uozo pamoja na idadi ya pingili zilizopitwa huandikwa. Njia hiyo imetumika kwa miongo mingi Marekani na India. Sharti lake kubwa ni kwamba mmea ukatwe maji. Katika kituo chenye mvua ndefu, au chenye mfereji unaofunguliwa kila majani yanapojikunja, karibu kila aina hufaulu mtihani huu, na aina iliyofaulu huko ndiyo itakayoanguka Wembere mwezi wa tatu.

Hapo hoja ya “pima ukame tu” inajikata yenyewe. Wataalamu wa mtama wamehangaika kwa miaka mingi na tabia ya kubaki kijani, yaani mmea kuendelea kuwa na majani hai hata maji yanapokwisha mwishoni mwa msimu. Chimbuko linalotumika zaidi, mstari uitwao B35, lilitokana na mtama wa Ethiopia. Mistari yenye tabia hiyo ndiyo pia inayosimama vizuri dhidi ya uozo mkaa, kwa sababu bua lake halikaushwi sukari kwa haraka. Anayepima ustahimilivu wa ukame bila kulipasua bua hajui alichokipima: pengine mizizi mirefu, pengine ukinzani dhidi ya kuvu, pengine bahati ya udongo usio na kimelea. Majina ya aina yanaweza kutolewa kwa kipimo cha namna hiyo, lakini maarifa hayatokani nacho.

Kuvu nyingine ya ukame, Aspergillus flavus, inajulikana zaidi kwa sumu yake kuliko kwa ugonjwa wake. Karanga au mahindi yakipatwa na kiu na joto katika wiki za mwisho kabla ya kuvunwa, kuvu hiyo huingia punje zikiwa bado shambani na kuanza kutengeneza sumukuvu. Ghala baya huongeza tu kilichokwisha kuanza. Mwaka 2016 watu wa wilaya kadhaa za Dodoma na Manyara, mikoa inayopakana na Singida, waliugua maradhi ya ini baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na watu wapatao 20 wakafa. Kilichofuata kilikuwa elimu ya kukausha na kuhifadhi, nayo ni elimu njema. Hata hivyo sehemu ya tatizo ilianza shambani, chini ya jua lilelile linalodaiwa kuua kuvu. Ni kweli kwamba ukinzani dhidi ya Aspergillus ni mgumu kupatikana na hakuna aina inayoizuia kabisa. Tofauti kati ya aina na aina zipo, lakini ni za kadiri, na huyumba kutoka mahali hadi mahali. Hiyo ni sababu ya kupima zaidi katika nchi kavu. Wanaoitumia kama kisingizio cha kutopima wameigeuza juu chini.

Fugwe haihitaji maelezo marefu. Ile ya mtama inayoyageuza masuke kuwa vifuko vya unga mweusi hupita juu ya ganda la mbegu, huingia mche unapoota, na udongo mkavu kiasi huisaidia kuliko udongo uliolowa. Ipo pia fugwe ndefu, inayotokeza punje mojamoja kama pembe. Hiyo inajulikana kuwa ya nchi kame hasa. Kuipima hutaka chembe zake zidungwe kwa sindano ndani ya ala kabla suke halijatoka. Dawa ya kupaka mbegu huizuia fugwe ya kwanza kwa urahisi na kwa gharama ndogo, lakini ile ndefu huja kwa hewa wakati wa kuchanua, na dawa ya mbegu haifiki huko.

Ushahidi mzito kuliko wote uko katika pamba, kwa kuwa hapo historia imekwisha kuamua. Mnyauko fuzari uligunduliwa katika pamba ya kanda ya Ziwa miaka ya 1950. Kimelea chake huingia kwa mizizi, hupanda katika mirija ya maji na kuiziba. Majani hugeuka manjano kuanzia kingoni, mmea hunyauka, na shina likikatwa huonyesha duara la hudhurungi. Kikishaingia shambani hakitoki: chembe zake zenye ganda nene hudumu udongoni kwa miaka mingi hata pamba isipolimwa. Kwa nadharia ya mvua, ugonjwa huo ungepaswa kuwa mkali zaidi katika maeneo yenye maji mengi na kufifia kuelekea nchi kavu. Haikuwa hivyo. Watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walikuta kwamba mnyauko unafuata mashamba ya kichanga, na kwamba mwenza wake ni minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho wanaoivimbisha mizizi na kuifungulia kuvu mlango. Aina ya pamba iliyovumilia kuvu peke yake katika udongo safi ilianguka pale minyoo ilipotangulia.

Ugunduzi huo ulibadilisha maana ya kupima. Haikutosha tena kumwagia miche maji yenye kuvu katika nyumba ya vioo na kuhesabu iliyobaki. Ilibidi kuvu na minyoo wawekwe pamoja, kisha mistari iliyonusurika ipelekwe kwenye shamba lililojaa ugonjwa kwa makusudi, na mwisho wa msimu mashina yapasuliwe yote, hata ya mimea iliyoonekana mizima, maana pamba inaweza kubeba kuvu katika mirija bila kunyauka. Aina zilizotoka Ukiriguru kwa mfululizo, UK77, UK82 na UK91, zilizaliwa katika kazi ambayo mnyauko ulikuwa mmoja wa vigezo vyake vya kudumu. Pamba ya Iramba imo katika ukanda huohuo wa magharibi. Mkulima wa Shelui, bila kuelezwa, amekuwa akifaidi upimaji wa ugonjwa ambao nadharia inasema haumhusu.

Ugonjwa wenyewe ulisafiri kwa njia ambayo pia haijali mvua. Kwa miaka mingi mbegu ya pamba ilitoka katika viwanda vya kuchambulia pamba na kurudi kwa wakulima: pamba ya vijiji vingi inachanganywa, nyuzi zinabaki kiwandani, mbegu za manyoya zinapakiwa magunia na kugawiwa. Mnyauko fuzari hukaa ndani ya sehemu ndogo ya mbegu, na mbegu chache katika gunia zinatosha kuanzisha doa jipya shambani. Malori ya mbegu yalikuwa ndiyo barabara ya ugonjwa. Mbegu zilizoondolewa manyoya kwa tindikali hupandika vizuri zaidi na uchafu wa nje hutoka, lakini kilichomo ndani ya ganda hubaki. Kwa hiyo shamba safi la leo katika kijiji kikavu halina kinga yoyote ya kijiografia. Linasubiri tu zamu.

Kisa kinachofanana na hiki kilitokea mbali, katika nyanda za North Dakota, Marekani, nako ni nchi isiyo na mvua nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa huko waliamini kwamba kitani huichosha ardhi: ukikilima miaka michache mfululizo hakioti tena, na dawa ni kuhama kwenda kuvunja ardhi mpya. Henry Bolley, mtaalamu wa chuo cha kilimo cha Fargo, alitenga kipande cha ardhi mwaka 1894, kikapewa namba 30, akapanda kitani juu ya kitani mwaka baada ya mwaka hadi udongo ukawa mgonjwa kabisa. Kufikia mwaka 1901 alikuwa ameonyesha kwamba ardhi haikuchoka. Ilikuwa imejaa fuzari. Kisha akaitumia ardhi hiyo hiyo mbovu kama chujio: akapanda mistari mingi, iliyokufa ikafa, mbegu ya michache iliyosimama ikarudishwa mlemle. Kipande namba 30 kimeendelea kutumika zaidi ya karne moja. Katika miaka hiyohiyo, visiwani South Carolina, William Orton alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa pamba, naye alimkuta mkulima wa huko, Elias Rivers, ameshaanza kuokota mbegu za mmea ulionusurika katikati ya shamba lililonyauka. “Ardhi imechoka” ni kauli inayosikika Iramba pia, na pengine mara nyingi ni ya kweli. Mara ngapi si ya kweli, hakuna awezaye kusema bila kung’oa mizizi na kupasua mashina.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wapenda mbegu za ukame huukwepa. Uteuzi kwa ajili ya ukame unaweza wenyewe kuleta kuvu. Mtama wa asili wa nchi nyingi za Afrika hufuata urefu wa mchana, na kwa kawaida hukomaa mvua zikiwa zimekatika. Aina fupi za kisasa hukomaa mapema ili kuuwahi ukame; mwaka ambao mvua haikatiki mapema, masuke yake yanakuta manyunyu yakiwa yamekwisha kukomaa, na punje zinaota kuvu nyeupe, nyekundu na nyeusi zikiwa bado juu ya bua. Punje nyeupe zisizo na tanini huathirika zaidi, na hizo ndizo zinazotakiwa na wanunuzi na zinazotoa ugali mzuri. Macia, iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 1999 na kuenea sana katika kanda ya kati, ni mfano wa aina fupi yenye punje nyeupe. Ni aina nzuri, na lengo hapa si kuitia doa. Ila ukweli kwamba kasi ya kukomaa ni kinga ya ukame na wakati huohuo ni mlango wa kuvu za punje unamaanisha kwamba vipimo hivyo viwili haviwezi kutenganishwa, kimoja Dodoma na kingine Kilosa.

Pingamizi la kwanza la upande wa pili ni la kitaalamu: kwamba siku hizi ukinzani unaweza kupimwa popote, ndani ya nyumba, kwa miche michanga. Lina nguvu yake. Mtihani wa chulebuni uliobuniwa miaka ya 1970, wa kunyunyizia kuvu kwenye vishina vya miche ya kahawa, uliokoa muda mwingi. Badala ya kungoja mti uzae, majibu yalipatikana katika wiki chache, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 ikatoka mwaka 1985. Lakini mtihani huo uliaminiwa kwa sababu matokeo yake yalilinganishwa na miti mikubwa iliyokuwa ikiugua shambani, tena katika nchi ya chulebuni. Uozo mkaa haupimiki kwa mche wa wiki mbili, kwa kuwa ni ugonjwa wa mmea unaozaa. Mnyauko wa pamba bila minyoo ni nusu ya mnyauko. Blasti, kuvu inayouharibu ulezi wa Iramba ya juu, ina hatua ya jani, ya shingo na ya vidole vya suke, na ukinzani katika hatua moja hautabiri kikamilifu nyingine. Aina za U15 na P224, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 2012, zilipita katika majaribio ya mashambani. Ulezi ungekuwa na hali mbaya zaidi kama watu wangeridhika na miche ya vyungu.

Pingamizi la pili ni kwamba ukinzani ukishapatikana mahali popote duniani, ni kinasaba kimoja tu cha kuhamisha. Historia ya Afrika Mashariki imelijibu hili mara mbili. Kutu ya mahindi iitwayo Puccinia polysora ilitua Afrika Magharibi mwaka 1949 na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1952, ikitisha chakula cha watu wengi. Huko Muguga, Kenya, H. H. Storey na wenzake walitafuta ukinzani katika mahindi ya Amerika wakapata vinasaba viwili vikali, Rpp1 na Rpp2. Kabla mahindi yenye vinasaba hivyo hayajaenea, koo mpya za kutu zilizovishinda zilikwisha kujitokeza. Wakati huohuo mahindi ya wakulima, yakichavushana ovyo mashambani na kuchujwa na ugonjwa msimu kwa msimu, yalijijengea ukinzani wa kadiri, usio wa kinasaba kimoja, na kutu ikawa jambo la kawaida badala ya janga. Mara ya pili ilikuwa ngano: kinasaba Sr31, kilichotegemewa karibu dunia nzima, kilishindwa na kutu ya shina iliyopatikana Uganda mwaka 1998 na kuitwa Ug99. Jibu la dunia halikuwa kuendelea kupima Mexico au Minnesota peke yake. Tangu mwaka 2005 nchi nyingi zimekuwa zikipeleka ngano zao kwa maelfu Njoro, Kenya, zikapandwe pale kuvu ilipo. Kama ngano ya India na Marekani inasafirishwa hadi Njoro ili ikutane na ugonjwa wake, mtama wa Singida hauna sababu ya kupimwa mbali na wa kwake.

Pingamizi la tatu ni fedha, nalo ndilo linalosemwa kwa sauti ndogo lakini linaloamua. Vituo ni vichache, wataalamu wa magonjwa ya mimea ni wachache zaidi, na Shelui si makao ya kituo chochote cha utafiti. Ni kweli. Lakini shamba la ugonjwa si jengo. Ni robo ekari isiyobadilishwa zao, inayorudishiwa mabaki ya mimea iliyougua badala ya kuyachoma, yenye mstari wa aina inayojulikana kuugua baada ya kila mistari michache ya majaribio. Mstari huo ndio saa ya shamba: ukiugua wote, majibu ya mwaka huo yanasomeka, ukibaki mzima, hakuna aina iliyofaulu, na daftari lifungwe. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu wa miaka miwili au mitatu ya kuujaza udongo ugonjwa kabla ya matokeo ya kwanza, na hapo ndipo miradi ya muda mfupi hushindwa. Robo ekari za namna hiyo zinaweza kukaa chini ya kituo cha Ukiriguru kwa pamba na chini ya kile cha Hombolo, Dodoma, kwa mtama na uwele, zikihudumiwa na wakulima waliozoea kutoa mashamba yao kwa majaribio. Tahadhari moja ni ya lazima: kuvu itumike ile iliyokwishakuwapo katika eneo, wala isiletwe kutoka mkoa mwingine, na maji ya mvua ya shamba hilo yasitiririkie mashamba ya majirani.

Vipimo vyenyewe pia vinahitaji kurekebishwa. Tabia ya kutafuta mmea usio na doa hata moja, na kuutupa wenye madoa machache, ndiyo iliyowapa watu Sr31. J. E. van der Plank wa Afrika Kusini alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba ukinzani usiokamilika, unaopunguza kasi ya ugonjwa badala ya kuuzima, ndio unaodumu zaidi, na kwamba wazalishaji wa aina mpya za mimea huupoteza bila kujua pale wanapofunikwa macho na kinasaba kikali. Kwa nchi kavu, ambako msimu ni mfupi na ugonjwa wa mizizi huenda polepole, kuchelewesha kunyauka kwa wiki tatu kunaweza kuwa tofauti ya gunia na debe. Alama zitolewe kwa ngazi, kuanzia bua safi hadi bua lililokatika, na mavuno yapimwe pembeni yake.

Jambo la mwisho linahusu miaka mibaya. Kabla aina haijaidhinishwa, hupitishwa katika majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, katika maeneo kadhaa. Jaribio lililoungua kwa jua kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeharibika. Takwimu zake huachwa nje kwa sababu mavuno ni madogo na yametofautiana mno. Kwa upimaji wa mavuno, uamuzi huo una mantiki. Kwa uozo mkaa na sumukuvu ni kuutupa mwaka uliokuwa na majibu. Jaribio la namna hiyo lisifyekwe kabla mabua ya kila kiwanja hayajapasuliwa kwa kisu na punje chache kupelekwa maabara, na matokeo yake yaingizwe katika faili la aina husika pamoja na yale ya miaka ya mvua.